Mama Imakulata, Nakala na Kitu Chenyewe

Tarehe 30 Juni 1996 Bibi Imakulata Tluway, Mkuu wa Chumba cha Kompyuta hapa Shamba la Ngano Gidabesh, anastaafu baada ya kulitumikia shamba hili miaka ishirini na mitatu. Amefanya kazi chini ya mameneja watano na amewazika wawili kati yao. Wengi wenu mtasoma jina hilo na kujiuliza ni nani. Ni Mama Kwanini.

Jina hilo alilipata kwenye mizani. Alikuja hapa mwaka 1973 akitokea kwao Tumati, alikokuwa akifundisha darasa la tatu, akaajiriwa kuwa karani wa kupima malori ya ngano. Makarani waliomtangulia walipima, wakaandika, wakapunga mkono lori lipite. Yeye alipima, akaandika, kisha akauliza kwa nini lori la dereva Alfredi likiwa tupu ni zito kuliko malori mengine matupu ya aina ileile. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeona umuhimu wa kujua. Aliendelea kuuliza msimu mzima, hadi siku moja akapanda mwenyewe kwenye lori na kukuta chini ya kiti mawe makubwa ambayo Alfredi aliyatumia kuzuia magurudumu, kwa sababu breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Imakulata hakumshitaki mtu. Alikwenda karakana akakaa kwenye benchi mpaka breki ilipotengenezwa. Alfredi, ambaye sasa ni mzee wetu wa gereji, husema kwamba udadisi wa mama huyu ndio uliomfikisha kwenye uzee.

Kompyuta ilifika mwaka 1987, nyuma ya Landrova, imefungwa blanketi tatu kama mtoto mchanga aliyezaliwa Julai. Ilipewa chumba chenye pazia na feni, na kwa miezi ya mwanzo tulivua viatu mlangoni. Mtaalamu mgeni aliyekuja nayo alipouliza nani angependa kujifunza, sisi tuliokuwa kwenye kikao tuliangalia chini, kila mmoja akitumaini jirani yake atajitolea. Imakulata alinyoosha mkono. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema alitaka kujua herufi zinakwenda wapi mashine ikizimwa.

Alikuwa na miaka arobaini na sita wakati huo, na watoto watatu wakubwa. Mumewe, Mwalimu Joakimu, alikuwa Mbulu na alimwona mwisho wa mwezi tu. Shamba lilimpeleka Arusha kwenye mafunzo, akarudi na kitabu kinene cha lugha ya kuandikia programu ambacho alikisoma hata kwenye foleni ya maji. Ndani ya miaka minne alikuwa ameandika programu ya dizeli, ya mvua, ya vipuri, na ile kubwa ya vitalu vyote vya shamba. Mimi niliye stoo ya vipuri nitasema hili kwa niaba yangu: kabla ya programu yake, tulikuwa tukiagiza mikanda ya kombaini ambayo tulikuwa nayo tayari, imelala nyuma ya magunia.

Lakini wasifu wa mama huyu hauwezi kukamilika bila habari ya Agosti 1993. Yeye mwenyewe ameniruhusu niiandike. Amesema tu niiandike sawasawa.

Mwaka ule panya walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuwaona. Baada ya kuvuna, vikundi vya wafanyakazi vilisambaza chambo kwenye mabua, yaani nafaka iliyochanganywa na sumu. Wakati huohuo shamba lilikuwa limewaahidi wafugaji wa jirani kwamba baada ya mavuno ng'ombe wao wataingia kula mabua kwenye vitalu visivyo na sumu. Wote tunajua historia ya ardhi hii, na si kazi ya jarida la shamba kuirudia. Inatosha kusema kwamba ahadi ile ilitolewa mkutanoni, mbele ya watu wengi, na kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu walipeana mikono.

Kila jioni wasimamizi walisema kwenye redio ya upepo ni kitalu gani kimewekwa chambo siku ile. Imakulata aliingiza habari hiyo moja kwa moja kwenye kompyuta, na mashine ilimjibu kwenye kioo kwa kumwonyesha namba ya kitalu na tarehe ya sumu. Karatasi za zamani tulikuwa tumeziacha mwaka uleule, kwa fahari kubwa. Siku ya kufungua mageti ilipokaribia, mashine ilichapisha orodha ya vitalu vya kufungwa. Vingine vyote vilikuwa salama, ndivyo karatasi ilivyosema. Nakala zilikwenda getini. Wafugaji walikwisha kusogeza mifugo mpaka mpakani, wakisubiri asubuhi.

Siku moja kabla ya kufungua, wakati wa chai ya saa nne, Imakulata alikuwa akiipitia orodha hiyo bila sababu yoyote zaidi ya kawaida yake ya kupitia vitu. Akaona Kitalu cha Kumi na Moja hakimo. Alikuwa na hakika aliwahi kukiingiza, kwa sababu siku ile redio ilikwaruza na akalazimika kuomba namba irudiwe. Alimfuata Nicodemo, bwana shamba aliyesimamia kazi ya chambo, akamuuliza kama Kumi na Moja kimewekwa sumu. Nicodemo alisema ndiyo, na tena chambo kingi, akaongeza kwa upole kwamba pengine mama alisahau kubonyeza.

Mtu mwingine angekiingiza upya na kwenda kumalizia chai. Yeye alikiingiza upya, mashine ikamwonyesha kitalu na tarehe vizuri kabisa kama siku zote, kisha akaomba orodha. Kumi na Moja hakikuwemo. Akaingiza tena. Hakikuwemo. Sauda, mchapaji wetu, aliyekuwa naye chumbani, anasema mama aliondoa mikono kwenye vibonyezo na kuiweka mapajani.

Kisha akaenda kwa Meneja, Bwana Patriki, akaomba mageti yasifunguliwe. Nilikuwa ofisini kwa Meneja nikisubiri saini, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Bwana Patriki alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba watu wamekwisha kufika na ng'ombe wao, kwamba malisho huko walikotoka yamekwisha, na kwamba shamba likivunja ahadi hii hakuna atakayeamini nyingine. Akauliza kosa lenyewe ni nini.

"Sijui bado kosa ni nini," alisema Imakulata. "Najua tu kwamba karatasi yangu inasema uongo."

Meneja alimuuliza ni vitalu vingapi vilivyopotea. Hakujua. Nicodemo alivikumbuka baadhi, lakini vikundi vilikuwa vingi na wasimamizi walikuwa wametawanyika. Mmoja alikuwa Haydom akiuguza mama yake, wawili walikwisha kwenda likizo. Kilichoingizwa kwenye mashine hakikuwepo tena popote. Bwana Patriki akasema mageti yabaki yamefungwa, na kwamba yeye mwenyewe atatuma mtu kuwaambia wafugaji. Imakulata akasema hapana, atakwenda yeye, kwa sababu programu ni yake.

Walikwenda na Nicodemo. Msemaji wa wafugaji alikuwa Bwana Gidamuda, mtu mrefu, wa rika la Imakulata, ambaye hakuwa na sifa ya kupenda shamba letu. Nicodemo ndiye aliyetusimulia. Anasema Imakulata alianza kwa kuwaamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo kwa kila anayestahili, kisha akasema kosa limefanywa na yeye. Alieleza kwamba aliiandikia mashine sumu ilipo, na mashine ikaandika mahali ambapo maandishi hayakubaki.

Gidamuda alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akauliza, "hamjui mmeweka sumu wapi?"

"Kwa sasa hatujui," alisema Imakulata.

Vijana waliposikia hivyo walianza kusema kwa hasira, na haikuwa hasira ya bure. Ng'ombe walikuwa wamesimama palepale na njaa, na mabua yanaonekana upande wa pili wa waya. Gidamuda aliwanyamazisha. Akauliza kama chambo huonekana kwa macho. Nicodemo alisema huonekana, kwa kuwa kimetiwa rangi ya buluu. Basi, akasema Gidamuda, watu wake wataingia kwanza, bila ng'ombe, pamoja na watu wa shamba, watembee bega kwa bega, na kila kitalu kitakachoonekana safi kifunguliwe palepale.

Ndivyo ilivyofanyika. Wengi wetu tulikuwemo kwenye mistari ile, makarani, madereva na mafundi, katikati ya wachungaji wenye fimbo, tukitazama chini. Mimi nilikuwa kati ya kijana mmoja mfugaji, wa Kibarabaig, na mpishi wa kantini, na mpaka jua linainama tulikuwa tunataniana. Kitalu cha kwanza kilifunguliwa siku ileile na ng'ombe wakaingia. Kwenye Kumi na Moja tulikuta vichuguu vidogo vya buluu kila hatua chache. Vilevile kwenye vitalu vingine ambavyo karatasi ilivipitisha. Ng'ombe hakufa hata mmoja. Mbwa wa Gidamuda alikufa, kwa kula panya aliyekwisha kula chambo, na Imakulata alikwenda kumpa pole kama anavyokwenda mtu kwenye msiba.

Baada ya wiki kazi ilitulia, na wengi tungeliacha suala hilo hapo. Imakulata alikwisha kulirekebisha. Aliurudisha mstari mmoja wa programu jinsi ulivyokuwa mwaka uliotangulia, na Kumi na Moja kikajitokeza kwenye orodha. Meneja alimpongeza akamwambia sasa apumzike. Lakini yeye alikuwa amerekebisha bila kuelewa, na hilo kwake lilikuwa kama kulala na kokoto kitandani. Kila siku baada ya saa za kazi alibaki na Sauda, wakiandika programu fupifupi za majaribio.

Nitajaribu kueleza walichokigundua, kama alivyonieleza mimi mtu wa stoo, na mama atanisamehe pale nitakapoteleza.

Vitalu vyetu viko kwenye makundi mawili, vya zamani na vya nyongeza. Kila kitalu kina kisanduku chake ndani ya mashine cha kuwekea tarehe ya sumu. Ili kuandika tarehe, programu ililazimika kwanza kuchagua kisanduku. Katika lugha ile uchaguzi huo huandikwa kwa mstari mmoja, kwa alama ya kuuliza na nukta pacha: je, kitalu hiki ni cha zamani? Kama ndiyo, nipe kisanduku cha huku. Kama siyo, nipe cha kule. Kisha kwenye kile ulichopewa unaandika tarehe.

Swali ambalo hakuwahi kujiuliza ni hili: mashine inapokupa, inakupa nini? Inaweza kukupa kisanduku chenyewe, yaani inakuonyesha kilipo, na ukiandika unaandika humo. Hiyo huitwa rejea. Au inaweza kukupa kilichomo tu, ikakinakili kwenye kipande kingine ikakukabidhi. Hiyo ni thamani. Vyote viwili ukivitazama vinafanana. Mstari ni uleule. Lakini ukiandika kwenye nakala, asili haina habari, na ukimaliza nakala inatupwa. Ndiyo maana kioo kilimwonyesha tarehe sahihi kila jioni: kilikuwa kikisoma ile nakala kabla haijatupwa.

Mwaka wa kwanza visanduku vya pande zote mbili vilikuwa vya aina moja, na mashine ikawa inatoa kisanduku chenyewe. Katikati ya msimu wa 1993, kazi ya chambo ikiwa imeshaanza, Imakulata alivipanua visanduku vya vitalu vya nyongeza ili tarehe ibebe na mwaka. Vya zamani alipanga kuvipanua baadaye. Jambo dogo, na la busara. Lakini kuanzia hapo pande mbili za nukta pacha hazikuwa aina moja tena. Mashine haiwezi kusema kwa mstari mmoja kwamba itatoa kisanduku kidogo au kikubwa, itategemea. Ikapatanisha kwa njia yake: ikachukua kilichomo, ikakigeuza kiwe cha aina moja, na kutoa nakala. Na ilifanya hivyo kwa kitalu cha upande wowote, hata kile ambacho kisanduku chake hakikuguswa. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Alifikiri upande mmoja umeharibika, kumbe kutofanana kwa pande mbili ndiko kulikoharibu zote. Vitalu vilivyoingizwa kabla ya mabadiliko vilibaki, vya baadaye vikapotea, na orodha ikaonekana kamili.

Kisha Sauda akagundua kitu kingine. Ile programu inayoyatafsiri maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine ilikuwa imetoa onyo. Mstari mmoja, uliosema kwamba hapa inatumia kitu cha muda. Ulipita kwenye kioo pamoja na maonyo mengine mengi yasiyo na madhara, yale ambayo walikuwa wameyazoea kama tunavyozoea mlio wa jenereta. Tangu siku hiyo hakuna programu iliyotoka chumba kile ikiwa na onyo hata moja, na Sauda amezoeshwa hivyo hivyo. Vilevile karatasi za taarifa za kila jioni zilirudishwa. Meneja alishangaa kwamba aliyeziondoa ndiye aliyeomba zirudi.

Mwaka uliofuata Gidamuda alikuja ofisini. Mlinzi alifikiri kuna malalamiko. Kumbe alitaka kuiona mashine. Imakulata alimkaribisha, akaomba chai, akamwuliza jina la fahali wake mmoja na kuliandika kwenye kisanduku. Kisha akaandika jina jingine kwenye nakala, akamwonyesha kwamba kisanduku hakijabadilika. Akaandika tena kwa rejea, na jina likabadilika. Gidamuda aliomba arudie. Halafu akauliza nani anayeamua upewe nakala au upewe kitu chenyewe.

Imakulata anasema hilo ndilo swali lililomgharimu wiki nzima kulifikia, na mgeni wake alilifikia kabla chai haijapoa. Alimjibu kwamba haamui anayeomba, wala hauamui upande uliochaguliwa. Zinaamua pande zote mbili kwa pamoja, kabla uchaguzi haujafanyika. Zikifanana, unapewa kitu chenyewe. Gidamuda alisema ni sheria ngumu. Wakaendelea kuzungumza mpaka saa ya kufunga ofisi, na tangu hapo mikutano ya malisho hufanyika kwa wepesi zaidi, ingawa si kila jambo limekwisha.

Kuna mengi ya kusema ambayo nafasi hainitoshi. Aliwafundisha makarani kumi na zaidi katika kantini baada ya chakula cha mchana, akitumia karatasi ya kaboni kueleza nakala na asili. Mwaka jana, mwanawe Zita alipojifungua mapacha, aliondoka kwa siku mbili tu, na aliporudi aliuliza kwa nini pacha wa pili huitwa Doto hata akiwa mkubwa kwa umbo. Anapostaafu, chumba kinabaki kwa Sauda, ambaye amekwisha kuanza kutuchosha kwa maswali. Tunajua mwalimu wake ni nani.

Sisi wafanyakazi tulichanga kwa ajili ya zawadi, na kamati ikamfuata kumuuliza angependa nini, tukitegemea aseme cherehani au mabati. Alifikiri kidogo akasema kwamba kwa miaka ishirini na mitatu amepima ngano, ameihesabu, ameiandikia programu na kuisindikiza getini, na hajawahi kuona ikisagwa. Angependa kupelekwa kinuni Arusha, asimame pale juu inapoingia punje, kisha ateremke mpaka chini inapotoka unga, na asiharakishwe. Mabati atanunua mwenyewe.

Ombi limekubaliwa. Lori la Alhamisi litampeleka, na dereva Julius ameagizwa asubiri hata kama maswali yatafika jioni.

Mama Imakulata, asante kwa kazi yako, na asante kwa siku ile uliyosema hujui. Mwenyezi Mungu akujalie afya na miaka mingi ya heri huko Tumati, wewe, Mwalimu Joakimu na wajukuu. Nenda ukaone unga. Ukirudi, utusimulie.

Zubery Seifu, Stoo ya Vipuri
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Gidabesh